Kiwiko cha Baba Kitufe

Fundi plasta alirudi kutoka kazini, akanawa mikono, akakaa mbali na kitanda. Binti yake mchanga, waliyemwita Kitufe kwa udogo wake, alikuwa analia mikononi mwa mama yake.

"Mpokee basi, niepue chungu," mkewe alisema.

"Nimechoka, mama. Baadaye."

Baadaye hiyo haikuwahi kufika tangu mtoto azaliwe. Leo mke yalimfika shingoni.

"Kama hukutaka mtoto wa kike, sema."

Fundi aliusogeza mkono mmoja nyuma ya mgongo. Alimpenda Kitufe kupita kiasi. Shida ilikuwa kiwiko. Kila akishika kitu, kiwiko kilimchoma upande wa nje na mkono ukaishiwa nguvu. Juzi kikombe kilimponyoka. Je, kama angekuwa ni mtoto?

Jirani yao muuguzi, aliyeingia muda huo kumjulia hali mzazi, alimtazama fundi.

"Shemeji, hebu nione mkono unaouficha."

Ndani ya shati, fundi alikuwa amekaza kiwiko kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Nimekifunga kisilegee."

"Umekinyonga," muuguzi alisema, akifungua. "Ndiyo maana vidole vina ganzi. Kutwa unakandamiza plasta kwa mkono uleule. Kano zinazoshikiza misuli kwenye kiwiko zimechoka. Zitapona."

"Niache kazi?"

"Punguza kushika mwiko. Pumzika katikati ya kazi. Kikiuma, weka barafu ndani ya kitambaa, dakika chache. Ukinyanyua kitu, kiganja kitazame juu. Maumivu yakipungua, nyoosha mkono, kunja kiganja chini polepole. Inaweza kuchukua miezi, usikate tamaa. Ganzi isipoisha au kiwiko kikivimba, njoo zahanati."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona si wa kutegemewa."

"Nami nikaona humtaki mwanangu. Tumeumizana bure."

Muuguzi alimketisha fundi, akampa mto mapajani, akamlaza Kitufe kwenye mkono mzima. Mtoto alinyamaza. Baba yake ndiye aliyelia.

Tangu hapo fundi aligawana kuta za kupiga plasta na mwenzake wa kazini, na kila jioni alinyoosha mkono, mkewe akimtania kwamba anapungia wageni wasioonekana. Maumivu yalipungua taratibu, siku nyingine yakirudi kidogo.

Miezi ikapita. Jioni moja mkewe alimkuta amesimama dirishani, Kitufe amelala kwenye mkono uleule uliokuwa mbovu.

"Mlaze kitandani, upumzike."

"Mwache kidogo," fundi alinong'ona. "Kumbeba bado sijashiba."