Upande wa Kufa

Maiti ilikuwa imekaa kwenye kiti, kichwa kimelalia meza, mbele ya kompyuta iliyokuwa bado inawaka. Kikombe cha chai kilikuwa upande wa kulia. Kwenye skrini, kulia vilevile, dirisha moja lilikuwa wazi na ndani yake maneno matano: "Nimechoka. Asilaumiwe mtu. Nisameheni nyote."

Inspekta aliyasoma akiwa mlangoni. Herufi zilikuwa kubwa, hakuhitaji kusogea.

"Kajiua, afande," Koplo alisema. "Sumu ya panya. Pakiti iko kwenye pipa la taka."

"Nani kamkuta?"

"Dada yake. Humletea chakula kila siku saa saba."

Mtaani marehemu aliitwa Fundi Madirisha. Jina hilo lilimletea watu wenye vioo vilivyopasuka, naye akawaeleza bila kuchoka kwamba madirisha yake hayanyeshewi mvua. Aliandika programu za kupanga madirisha ya kompyuta na vitufe vyake vya chini ya skrini, kisha akazitoa bure. Hata kituoni, karani wa Inspekta alitumia mojawapo.

Dada mtu alisimama ukutani, macho mekundu.

"Afande, mtaandika kwamba kajiua?"

"Sijaandika kitu bado. Pole sana, dada yangu."

"Kaka yangu hakuandika hiyo barua."

"Kila ndugu husema hivyo," Koplo alinong'ona.

Dada alisikia. "Kaka alikuwa chongo, Koplo. Jicho la kulia lilikufa tangu utotoni. Ukipenda, chongo huita kengeza, nasi nyumbani tuliliita kengeza. Yeye mwenyewe upande huu wa kulia aliuita upande wa kufa. Haweki kitu huku. Kikombe angekimwaga."

Inspekta aliitazama meza. Taa ilikuwa kushoto. Simu kushoto, kalamu kushoto, kamusi iliyochakaa kushoto. Kulia mbao zilikuwa tupu, zinang'aa kama zimetoka kwa seremala jana. Kulikuwa na kikombe tu.

"Na mbona Panga haipo?" dada aliuliza.

Koplo aliinama chini ya meza. "Alikuwa analiweka wapi?"

"Hapo kwenye kompyuta. Panga ni programu yake, inapanga." Alikaribia kutabasamu, kisha machozi yakamshinda.

Inspekta alimngojea.

"Dirisha lolote likifunguka," dada aliendelea, "Panga hulipeleka kushoto, mbele ya jicho zima. Vitufe vya chini navyo huvipanga, kila kimoja na mahali pake. Ukilivuta dirisha kwenda kulia, linarudi. Aliiandika kwa ajili ya jicho lake, na wenye macho mawili wakaipenda."

"Na mtu akitaka likae kulia?"

"Anabonyeza kitufe kimoja cha kibodi huku analivuta. Imeelezwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo."

Kesho yake asubuhi taarifa za maabara zilifika. Alikufa kati ya saa tano na saa sita mchana. Kikombe hakikuwa na alama za vidole, hata za marehemu.

"Basi alikunywa kama kuku," Koplo alisema, wala hakuwa anatania.

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa na jambo lake. Panga hutunza kumbukumbu ya kila dirisha linalosogezwa. Saa tano na dakika arobaini dirisha la barua lilivutwa kulia, likarudi. Likavutwa tena, likarudi. Mara nne. Kisha mtu akaizima Panga yenyewe.

"Kwa nini ahangaike hivyo?" Koplo aliuliza.

"Ulipokuwa mlangoni, upande wa kushoto wa skrini uliuona?" Inspekta alimuuliza.

Koplo alifikiri. "Hapana. Kichwa cha marehemu kiliuziba."

"Muuaji alitaka dada aisome barua kabla hajaingia. Alijua kwamba dada anakuja. Alikaribishwa chai. Lakini hajui kuitumia Panga."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chuo. Mume wa yule dada alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta pale, na wote walimwita Mwalimu. Inspekta alikwenda na Koplo, eti kuchukua maelezo ya familia tu. Ukutani ofisini mwake akaona cheti ndani ya fremu: "Kwa mtunzi wa Panga."

"Kumbe wewe ndiye uliyeiandika?"

"Kwa sehemu kubwa, afande. Shemeji alinisaidia hapa na pale."

"Hakulalamika?"

"Tulitaniana. Aliniita profesa wa kuazima. Si unajua mashemeji."

"Jana saa tano na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa, nasahihisha mitihani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Inspekta alifungua kompyuta ndogo aliyokuja nayo. "Hii ni ya karani wangu. Ana Panga. Nataka barua hii ikae kulia, nasi tumeshindwa. Kwa kuwa mtunzi tumempata, nisaidie."

Mwalimu alicheka kidogo, akashika kipanya. Akalivuta dirisha. Likarudi kushoto. Akalivuta tena, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Likarudi. Mara ya tatu hakucheka. Mara ya nne jasho lilikuwa juu ya mdomo. Kisha akapeleka kipanya pembeni, akaizima Panga, akalivuta dirisha kulia. Likatulia.

"Tayari," alisema.

Koplo aliacha kuandika.

"Ni kitufe kimoja cha kibodi, Mwalimu," Inspekta alisema. "Kipo ukurasa wa kwanza. Mtunzi hakijui?"

"Nimesahau."

"Na jana ulikumbuka?"

"Jana sikuwa..."

"Jana ulisahau. Mara nne, halafu ukaizima. Mashine imeandika. Kikombe ulikifuta, lakini pakiti ya sumu hukuifuta. Ina alama ya kidole gumba. Utanipa chako tulinganishe?"

Mwalimu alikitazama kidole chake. Nje kengele ya chuo ililia, wanafunzi wakapita na vicheko vyao. Alisubiri wapite wote.

"Ijumaa alikuwa anatoa toleo jipya," alisema. "Lina dirisha la Kuhusu, linaloeleza nani kafanya nini. Alinipigia simu: shemeji, nimeweka kila mtu na kazi yake. Miaka sita nasimama mbele ya watu nasema Panga ni yangu. Kiti hiki nilikipata kwa Panga. Wangeniangaliaje?"

"Ungewaambia ukweli mapema."

"Afande, wewe hujawahi kupigiwa makofi kwa kazi ya mtu mwingine. Yanazoeleka."

"Ulimtiliaje sumu?"

"Nilikaa kulia kwake." Sauti ilishuka. "Wala hakugeuka. Aliniamini hata upande ule."

Inspekta alitoa karatasi mfukoni. Mtaalamu alikuwa ameichapisha asubuhi ile kutoka kwenye kompyuta ya marehemu.

"Dirisha la Kuhusu lilikuwa limeshushwa tu. Kitufe chake kilikuwa cha kwanza kushoto, chini ya skrini. Ulikuwa peke yako naye, kipanya mkononi, na hukukibonyeza. Soma."

Mwalimu alisoma: "Imeandikwa na chongo mmoja. Imejaribiwa na dada yake. Imefikishwa kwa watu na shemeji yetu, profesa, ambaye bila yeye ingebaki chumbani."

Akarudia kusoma. "Ni utani huu?"

"Ni shukrani," Inspekta alisema. Koplo akamfunga pingu.

Jioni dada alikuja kituoni. Hakukaa.

"Umeandika nini, afande?"

"Kwamba hakujiua."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetua mzigo. "Na aliyemuua?"

Inspekta alisimama. Habari kama hiyo haisemwi ukiwa umekaa. "Mumeo, dada yangu."

Dada alishika ukingo wa meza. Alipopewa ile karatasi aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, kikasimama kwenye neno shemeji. Koplo akamsogezea kalamu, akidhani anataka kulikata.

Aliirudisha kalamu.

"Itoke Ijumaa," alisema. "Bure, kama alivyotaka. Na neno hili lisiguswe. Kaka yangu alisema kweli juu ya kila mtu. Na kila atakayeifungua atasoma jinsi alivyomshukuru aliyemuua."