Sauti Iliyotangulia

Maiti ya Okinyi, meneja wa Redio Winjo, ililala kifudifudi kwenye zulia la studio, na hapo hapo, kwenye spika ya ukutani, Oyugi alikuwa akisoma matangazo ya vifo.

Inspekta Ogola alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili unusu asubuhi, na tayari alikuwa amechoka. Sauti ile aliijua. Nani Kisumu hii asiyeijua? Kwa miaka ishirini na miwili Oyugi aliwasomea watu wa ziwa wafu wao kwa Kijaluo kilichotulia: jina, ukoo, kijiji, wajane, watoto, siku ya mazishi. Akianza kusoma, watu huacha chai ipoe.

"Mwiteni Oyugi atoke huko," Ogola alisema. "Mtu amekufa, na yeye anasoma tu?"

Dorca, mfagiaji aliyeikuta maiti, alimtazama Shitanda, fundi wa mitambo. Shitanda alitazama viatu vyake. Kisha akaenda upande wa pili wa kioo, akakisukuma kiti cha msomaji. Kikazunguka. Hakikuwa na mtu.

"Hayupo, Afande. Tangu Machi. Hiyo ni kompyuta."

Ogola alikitazama kiti kile. Tangu Machi, kila asubuhi akinyoa ndevu, alikuwa akimwitikia mtu huyo kwa kichwa.

Kazi ikaanza. Okinyi alikuwa amepigwa kisogoni mara moja kwa stendi ya maikrofoni, chuma kizito cha zamani. Daktari alikadiria kwamba alikufa jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Simu yake ilikuwa mfukoni, saa mkononi, kompyuta mezani. Alama za vidole zilikuwa tele kwenye chuma hicho, za kila mtu aliyewahi kukaa studio ile, kwa hiyo hazikusaidia. Muuaji hakuwa mwizi.

Shitanda aliulizwa maswali jikoni, kwenye meza ya chai. Alieleza bila kufichaficha. Wenye redio, walioko Nairobi, walileta akili unde mwanzoni mwa mwaka. Watangazaji sita walikuwa wametia sahihi karatasi ya kukubali rekodi zao zitumike na kituo. Nani husoma karatasi za mwajiri hadi mwisho? Rekodi zikalishwa mashine, mashine ikajifunza kila sauti mpaka kikohozi. Machi wote sita wakafutwa kazi kwa barua moja. Wasikilizaji hawakuambiwa.

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki kwa sababu lazima awepo wa kuwasha jenereta," Shitanda alisema. "Jenereta ikijifunza kujiwasha, nami naenda."

"Okinyi alikuwa na maadui?"

"Sita. Lakini hata yeye hakulala vizuri, Afande. Alijua wa saba ni yeye."

Kufikia saa tatu, polisi walikuwa wamewapata watano kati ya hao sita. Watatu walikuwa wamehama mji, na wawili walikuwa pamoja kanisani Kondele jana jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, mbele ya watu thelathini. Oyugi tu ndiye hakupatikana. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Hilo peke yake si ushahidi. Ogola alirudi studio, akaketi kwenye kiti kitupu, akavuta trei ya matangazo. Familia bado walileta matangazo kwenye karatasi, yakiwa na barua ya chifu, na Okinyi mwenyewe aliyapiga chapa kwenye mashine. Karatasi za jana zilikuwa kumi na moja. Ogola alimwomba Shitanda amwonyeshe ya asubuhi. Mashine ilikuwa imesoma kumi.

Alizilinganisha moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Iliyokosekana ilikuwa ya Mama Agneta, mjane kutoka Katito, aliyefariki Jumatano. Alikuwa ameacha wana wawili. Wa kwanza kutajwa alikuwa Oyugi.

"Hili halikusomwa kabisa?"

Shitanda alichungulia. "Lilisomwa jana jioni, saa kumi na moja. Halafu likafutwa saa kumi na mbili na dakika arobaini." Akasogeza kidole kwenye skrini. "Kwa nywila ya Oyugi. Wamemfuta mtu, nywila yake wakaisahau."

Ogola aliegemea nyuma. Mkewe alipofariki, miaka minne iliyopita, aliipeleka karatasi kama hiyo hapa hapa. Saa moja baadaye simu ikalia. Ilikuwa sauti ile ile, ya chini zaidi. Bwana Ogola, pole sana. Kabla sijasoma, naomba nikuulize, wote wa karibu wameambiwa? Kumbe binti yao aliyekuwa shuleni Kakamega hakuwa ameambiwa. Oyugi akaliweka tangazo kando siku nzima, mpaka Ogola akafika shuleni na kumshika mtoto mkono. Ndivyo alivyofanya kazi. Hakuna aliyemwagiza, na haikuandikwa popote ili mashine ije kuisoma.

"Jana kuna aliyepiga simu kuuliza kama Oyugi ameambiwa?" Ogola aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Mashine haipigi simu, Afande."

Walimkuta Oyugi huko Katito saa sita kasorobo. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, wanawake wakiosha sufuria, wazee wakipanga viti. Oyugi alikuwa ameketi peke yake ubavuni mwa nyumba ya mama yake, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alipomwona Ogola na Koplo Winny, dereva wake, alisogea kwenye benchi kuwapa nafasi.

Ogola alimpa pole kwanza. Kisha akamwonya kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na ungamo rasmi lingeandikwa na afisa mwingine. Oyugi aliitikia kwa kichwa, halafu akasema hata hivyo, polepole, kwa sauti ambayo nusu ya kaunti iliisikia asubuhi ile bila yeye kufungua mdomo.

Jana jioni alikuwa kwa kinyozi Kondele. Ndugu yake mdogo, Oluoch, alikuwa njiani kutoka Katito kuja kumwambia uso kwa uso, kwa sababu habari ya mama haipigwi kwa simu. Redio ya kinyozi ilikuwa wazi. Matangazo yakaanza.

"Nilijisikia nikisema mama yangu amekufa," Oyugi alisema. "Kinyozi aliacha wembe. Aliniuliza, Mzee, unasoma aje huko na uko hapa? Nikainuka kitini."

"Ukaenda kituoni."

"Na nywele nusu. Nilitaka kumuuliza Okinyi swali moja tu. Kwa nini hukunipigia? Akasema karatasi ilikuwa na barua ya chifu, kila kitu kilikuwa sawa. Kweli, mashine haikukosea hata neno. Nafikiri alitaka kunifariji. Alisema, hebu sikia ulivyoisoma vizuri, Mzee. Akanigeuzia mgongo, akaibonyeza icheze tena."

Alitazama mikono yake.

"Nilitaka inyamaze. Sikutaka Okinyi anyamaze. Lakini chuma kilimpata yeye. Halafu ikaendelea kusoma, na yeye yuko chini. Nikalifuta tangazo, kwa sababu mashine ingemsoma mama tena alfajiri, na ningekuwa mimi."

Hasira ni hasara, wahenga walishamaliza, na Ogola hakuwa na nguvu ya kuongeza. Alikuwa amekamata wauaji wengi, na hakuwahi kutamani kukosea kama siku ile. Oyugi alimwomba jambo moja. Mazishi ni Jumamosi ijayo, na yeye ni kifungua mimba, udongo wa kwanza ni wake. Ogola alijibu kwamba hilo ni la hakimu, ila yeye mwenyewe angesimama kumwombea. Pingu zilifungwa mbele, chini ya koti, wanawake wasione.

Garini, Katito ilipobaki nyuma, Oyugi alimgeukia Ogola. Kisha akauliza, "Mama yake Okinyi ameambiwa?"

Ogola alieleza kwamba asubuhi aliwaagiza polisi wa Ahero waende kwa yule mama. Hata hivyo akapiga simu kuhakikisha. Gari lao halikuwa na mafuta. Walikuwa wanapanga kwenda jioni.

"Na tangazo?" Oyugi aliuliza.

Ogola akampigia Shitanda. Shitanda alisema Nairobi wameshalituma moja kwa moja kwenye mashine. Lilikuwa la tatu, saa saba kamili. Hapana, hangeweza kulizuia, wala kuzima mitambo, kwani studio ilipofungwa na polisi matangazo yalianza kurushwa kutoka Nairobi. Tangu asubuhi wamebadilisha nywila zote, kwa ajili ya tangazo lile lililofutwa jana.

"Kwa sauti ya nani?"

"Matangazo ya vifo ni sauti moja tu, Afande."

Ilikuwa saa saba kasorobo. Winny hakungoja kuambiwa. Waliingia Ahero kwa king'ora, wakakata kona kuelekea mashamba ya mpunga. Oyugi, aliyemjua kila mama wa huko kwa jina la marehemu wake, aliwaonyesha nyumba. Alibaki garini, akainamisha kichwa hadi magotini.

Mama Rahab, mama yake Okinyi, alikuwa mlangoni akichagua mchele, redio ndogo kando ya kinu. Tangazo la kwanza lilikuwa limeshaanza. Aliona magwanda ya polisi, akauweka ungo chini. Ogola alivua kofia, akamsalimu, akamwomba wazime redio kidogo.

"Mwache Oyugi amalize, mwanangu," mama alisema, na alikuwa tayari anajituliza. "Umenishtua bure. Mzee wangu alipokufa, Oyugi alinipigia kwanza, ndiyo akasoma. Leo simu yangu haijalia. Kwa hiyo kwangu ni salama."

Tangazo la pili lilianza. Ogola aliinama, akaizima redio kwa mkono wake, akaketi chini kando ya mama yule na kuushika mkono wake.