Mistari Kumi ya Kwanza

Kila asubuhi saa mbili, mashine iliyoitwa Msomi, katika jiji la Upeo, ilipokea barua elfu nne kutoka vituo vya Mwezini na kuzimaliza kabla chai ya watumishi haijapoa. Siri yake ilikuwa amri moja ya kompyuta iliyoitwa "kichwa": Msomi ilichukua mistari kumi ya mwanzo ya kila barua, ikaipima, ikaandika uamuzi pembeni. Aliyeamua iwe kumi ni mhandisi Sikudhani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Mzee Vuai huyo!" Makame, mwenzake wa zamu, alicheka akionyesha kioo cha Msomi. "Yuko Mwezini, bado anaulizia kuku wako, dada Siku."

Mzee Vuai, mkuu wa Kituo cha Saba, aliandika ripoti kama barua za kwao Pemba: salamu kwanza, kwa kila jamaa, shida baadaye. Sisi hatujambo, hofu ni kwenu. Pembeni Msomi iliandika kwa kijani: Hali njema.

Sikudhani hakucheka. Kwa kawaida barua za mzee hazikuzidi mistari ishirini. Hii ilikuwa na tisini. Ya jana, themanini. Ya juzi, sitini. Na Faki, mdogo wake Sikudhani, alikuwa fundi wa kituo hicho.

"Makame, barua nzima tuliifungua lini mara ya mwisho?"

"Nzima? Ya nini, na Msomi ipo?"

Sikudhani aliagiza mstari wa kumi na moja wa barua ya juzi.

Ama baada ya salamu, ukuta wa mashariki umepasuka, hewa inavuja. Tunaomba chombo cha uokoaji.

"Juzi?" Makame alinong'ona.

Ya jana: Ama baada ya salamu, hatujapata jibu. Labda mmeshikwa na shughuli. Tunaomba tena.

Makame alikimbilia simu kuagiza chombo kiondoke. Ilibaki barua ya leo. Sikudhani aliirudia tangu juu, polepole. Siku zote mstari wa tisa ulisema: Faki anakusalimu sana, dada yake. Leo ulisema: Sisi watano tuliobaki tunakusalimu kwa niaba ya Faki.

Msomi ilikuwa imeusoma mstari huo. Makame aliusoma. Yeye mwenyewe aliupitia, kikombe mkononi.

Pembeni, kijani hakikubadilika: Hali njema.