Maziwa ya Njano

Nyumba ya Yeshi ilinukia siagi na shayiri iliyokaangwa. Mkwe wake, Asnaku, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya, na sasa alikuwa karudi nyumbani. Majirani wanawake walikuja kumpongeza na kula genfo, ule ugali wa shayiri wenye shimo la siagi katikati. Gojam nzima, huko Ethiopia, mzazi hakosi genfo, na Yeshi hakuwa mtu wa kuaibika mbele ya wageni.

Asnaku alikuwa ananyonyesha. Yeshi akaona tone la maziwa kwenye shavu la mtoto. Lilikuwa zito, la njano.

"Ebo! Unampa mtoto uchafu huo?"

"Mama, muuguzi amesema ndiyo mazuri..."

"Muuguzi kazaa wangapi? Mimi nimezaa saba! Hayo yamelala kifuani miezi yote, yamechacha. Hebu lete hapa."

Akamkamua, maziwa yakamwagika kwenye udongo. Kisha akachota siagi kwa kidole, akamlambisha mtoto. "Hii inalainisha utumbo," alisema. Mtoto akalamba, akalala. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeshi akajiona bibi kwelikweli.

Siku zilizofuata akafanya vilevile. Mtoto aliyelambishwa siagi hana njaa ya titi. Akipewa, anasinzia. Akilishika, anashika ncha tu, na chuchu za mama zikachanika. Maziwa yakajaa, yakakosa pa kutokea. Matiti ya Asnaku yakawa magumu kama mawe, na homa ikamshika.

"Jua limempiga mzazi," Yeshi alisema kwa hasira. "Nani alimruhusu kutoka nje?" Akafunga dirisha, akafukiza majani mpaka wote wakakohoa. Homa haikuujali moshi wake.

Nguo ya mtoto ilikaa kavu kutwa nzima. Kilio chake kilikuwa kimefifia. Yeshi akamgusa midomo, akaikuta mikavu. Midomo kama hiyo alishawahi kuigusa, mara mbili, alipokuwa mke kijana.

Hakumsubiri mwanawe arudi kutoka shambani. Alijitupia shuka, akakimbia kwa Zenebu, mhudumu wa afya wa kijiji.

Zenebu alipoingia, kwanza alifungua dirisha.

"Mtoto amekula nini?"

Yeshi akatazama chini. "Siagi."

"Na maziwa ya kwanza?"

"Niliyamwaga."

Zenebu hakugomba. Heri angegomba!

"Mama, yale ya njano si uchafu. Mungu kayaweka mazito kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi. Mtoto anyonye mara tu anapozaliwa, na miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji."

Kisha akamgeukia Asnaku. "Pole, mdogo wangu. Tukande kwa kitambaa cha uvuguvugu. Sasa kamua kidogo, titi lilainike. Mlaze kifua kwa kifua. Ngoja apanue kinywa... ngoja... haya! Ashike na ule weusi wa titi, si ncha peke yake. Umeona?"

"Linauma, dada."

"Najua. Lakini hata titi linalouma anyonye, ndiyo dawa ya kulipunguza. Na homa ya mzazi haifukizwi. Akiwa na homa, au damu ikimtoka nyingi, au kichwa kikimuuma sana, ni kituoni mara moja. Twendeni."

Wanaume wa kijiji wakambeba Asnaku kwa machela. Yeshi akafuata nyuma na mtoto kifuani, akilia bila kuficha. Kituoni mama akapewa dawa, na mtoto akasaidiwa kunyonya mpaka akapata nguvu.

Waliporudi, Yeshi alibadilika. Wageni walikula haraka wakaagwa, ili mzazi alale. Maji ya kunywa ya mama hayakukauka kando ya kitanda. Kila wakati mtoto alipotaka, usiku au mchana, alipewa titi. Siku ya ubatizo mashavu yake yalikuwa yamejaa, na alimpigia kasisi kelele mpaka watu wakacheka.

Yeshi hakucheka. Alimvuta Zenebu kando ya jiko.

"Wale wangu wawili wa mwanzo. Ya kwao nayo niliyamwaga. Wangeishi?"

"Sijui, mama. Watoto hufa kwa mengi."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Sijui kweli."

Asnaku alikuwa amesikia. "Mama, ulifanya ulichokijua."

"Ndiyo. Tena kwa mapenzi yote, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma."

Mlangoni alikuwa amekaa Tiruwerk, jirani mwenye mimba kubwa. Yeshi akamwendea, akamshika mikono.

"Wewe ukijifungua, usimwage hata tone. Akija mwanamke mzee kama mimi akikwambia umwage, mlete kwangu. Nitampeleka nikamwoneshe nilipowazika wangu."