Maji ya Saba ya Mama Alima

Kila asubuhi, kabla jua halijakaza, Mama Alima alimwagilia lengalenga zake, mchicha wa huko, nyuma ya garaji ya mumewe. Jina lake hasa lilikuwa Habiba. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1962. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na Lubumbashi bado iliitwa Elisabethville. Vita vilikuwa vimepita mitaani, mboga zilikuwa adimu sokoni, na Habiba hakuwa mtu wa kukaa mikono kifuani. Alikuwa na mtu wa kulisha: Mawazo, mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Binti yake Alima alikuwa mji wa Kambove na mumewe. Alimwachia mama yake mtoto mpaka njia zitulie.

Tatizo lilikuwa mahali penyewe. Kwa miaka kumi mumewe, fundi Yuma, alimwaga pale mafuta machafu ya magari ili vumbi jekundu lisipande. Mafundi wengi walifanya hivyo, na Habiba alijua. Kwa hiyo kabla ya kupanda aliuosha udongo siku saba, ndoo baada ya ndoo, kama Mwislamu anayeosha chombo kilicholambwa na mbwa. Maji ya siku ya saba yalipita meupe. Akasema bismillahi, akapanda.

Asubuhi moja Mawazo alikataa kula lengalenga. Habiba akambana mashavu.

"Kula! Mama yako atasema sikukulisha."

Zéphirin, jirani aliyefanya kazi ya kupima udongo katika maabara ya mgodi, aliingia kuchukua baiskeli yake iliyotengenezwa garajini. Habiba akamkaribisha mboga. Zéphirin alionja, akaacha kutafuna.

"Mama Alima, hii lengalenga inatoka wapi? Iko na harufu ya motere ya gari."

"Nyuma ya garaji. Lakini ile udongo niliosha mara saba! Maji ikatoka safi kabisa."

"Ikatoka safi sababu haikubeba kintu, mama. Mafuta na maji haipatane. Ngoja nikuonyeshe."

Alichota udongo, akautandaza juani juu ya bati. "Udongo mubichi inafunga mulango, mafuta haitoke," alisema. "Ikauke kwanza."

Adhuhuri alirudi na glasi tatu. Akatia udongo uleule katika kila moja. Ya kwanza akaijaza maji. Ya pili akaimiminia pombe kali ya lutuku.

"Lutuku! Kwangu mimi?" Habiba alimaka. "Bajirani batasema nini?"

"Haiko ya kunywa, mama. Udongo njo itakunywa."

Kabla ya glasi ya tatu aliwapeleka Habiba na mtoto mbali na mbabula, jiko lililokuwa na makaa. Kisha akamimina esansi, yaani petroli ya magari. Akazikoroga zote, akaziacha zitulie. Maji yalibaki meupe. Lutuku iliingia umanjano kidogo. Esansi ilikuwa imegeuka kahawia, kama chai iliyochemka mno.

Alidondosha tone la kila glasi kwenye karatasi, na tone moja la esansi isiyoguswa na udongo. Wakangoja. Esansi tupu ilikauka bila kuacha alama. Maji nayo hivyohivyo. Lutuku iliacha kivuli chembamba. Tone la glasi ya tatu liliacha doa la mafuta lililopenya karatasi mpaka nyuma.

Habiba alishika kichwa. Akakaa chini palepale.

"Mungu wangu! Juma mbili mi namulisha hii! Mutoto anakataa, mi namubana mashavu!"

"Mupeleke dispanseri leo, bamuangalie," alisema Zéphirin. "Na hii mboga, hata jani moja tena hapana."

Yuma alitoka chini ya lori. Aliligusa lile doa kwa kidole. Kisha akakimbilia dumu la esansi.

"Kama esansi njo inatoa mafuta mu udongo, tumwage yote mu shamba!"

Zéphirin alimshika mkono. "Hapana, Baba Alima! Utaongeza sumu, na utaunguza nyumba. Esansi iko ya kuuliza udongo, kidogo tu mu glasi. Haiko ya kuisafisha. Ile udongo mubaya, muichimbe, muitoe."

Mtoto alipimwa siku hiyohiyo. Muuguzi hakuona ugonjwa, akasema arudishwe baada ya juma moja. Usingizi haukumjia Habiba vizuri mpaka juma hilo lilipokwisha salama.

Waling'oa kila kitu. Yuma alichimba mpaka weusi ukaisha, akaufungia udongo ule katika mapipa, mbali na kisima. Mafuta machafu nayo yakapata pipa lake lenye kifuniko. Karatasi yenye doa Habiba aliigongomea msumari mlangoni pa garaji, na kila fundi aliyeuliza alisimuliwa yote, atake asitake.

Bustani mpya aliiweka upande wa pili wa ua, kwa udongo wa kichuguu. Hakupanda mpaka Zéphirin alipoukausha na kuupima. Safari hii karatasi haikubaki na doa.

Lengalenga za kwanza zilipoiva, Habiba alipiga magoti mbele ya Mawazo, kijiko mkononi. Hakumgusa mashavu. Alingoja. Mtoto alinusa, akamtazama bibi yake, akafungua mdomo mwenyewe.