Mtoto wa Ubatizo Akae Wapi?

Siku ile mjinga alikuwa Vedasto, na mwenyewe hakatai. Alijiona mjanja kuliko dereva yeyote wa Isikizya, kwa sababu gari lake, ingawa kuukuu, lilikuwa na mifuko ya hewa.

Asubuhi hiyo mwanawe mchanga, Damas, alikuwa anapelekwa Kipalapala kubatizwa. Kwao, mtoto wa ubatizo hatanguliwi na mtu njiani. Anayembeba huenda mbele, wengine wanafuata. Basi Vedasto akamfungulia mlango wa mbele Bertila, mama wa ubatizo, mwalimu wa kemia na rafiki wa mkewe.

"Pita, shemeji, umpakate hapa. Tukigonga kitu, mto laini unatoka, unampokea kama godoro la sufi."

"Huo si mto, shemeji. Huo ni teke."

"Mwalimu, leo Jumapili. Shule imefungwa."

Bertila akamrudisha mtoto kwa mama yake, Paskazia, akaingia jikoni. Alitoka na chupa yenye siki, unga wa kuumulia keki na maputo ya sherehe. Akatia unga kidogo ndani ya puto, akalivika mdomoni mwa chupa, kisha akaumwaga unga kwenye siki. Povu likapanda. Puto likainuka kidogo, likasimama.

"Limechoka," Vedasto akatania.

"Unga kidogo, gesi kidogo." Akarudia kwa siki mpya na unga zaidi. Puto likavimba.

"Nikitia mfuko mzima wa unga?"

"Siki itaisha, unga utabaki umelala chini. Vitu hivi hukutana kwa kipimo, kama unga na maji ya ugali. Na mfuko wa gari lako umepimiwa unga wake kiwandani. Gari likigonga kwa nguvu, umeme unauwasha. Unga wa kujaa kiganja unatoa gesi ya kujaza ndoo kubwa mbili au tatu, kabla hujapepesa jicho. Gesi ikibanwa inasukuma. Ikiwa ya moto, inasukuma zaidi."

"Sasa mtu mzima mbona haumuui?"

"Kafunga mkanda, kakaa mbali kidogo. Anaufikia ukiwa umeshajaa, unaanza kunywea kwa matundu yake. Mtoto uliyempakata yuko mdomoni pake. Unampiga ukiwa unafumuka."

Vedasto akaitazama shingo ya Damas, ambayo ilikuwa bado haijakaza. Mzaha ukamwisha.

"Basi niung'oe."

"Usiguse. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa, na unga mwingine ni sumu. Wewe mfuko huo unakulinda. Mtoto anakaa nyuma, katika kiti chake, uso ukielekea nyuma ya gari. Kile kiti nilichokuletea jana kiko wapi?"

Vedasto akajikuna kisogo. "Kumbe ni kiti? Mimi nilidhani beseni la kuogea."

Wakakifunga kiti nyuma kwa mkanda, wakaukaza mpaka kikaacha kucheza. Wakamfunga Damas ndani yake, Paskazia akakaa pembeni, Bertila mbele. Karibu na Kipalapala mbuzi wakakatiza barabara. Vedasto akakanyaga breki kwa nguvu. Mkoba wa Bertila uliruka ukagonga kioo cha mbele. Damas alikuwa amelala, na akaendelea kulala.

Vedasto akaendesha polepole mpaka kanisani. Lakini waumini walipoanza kuwatazama, ubishi ukamrudia.

"Haya, kapona. Ila mila ni mila. Mimi nilitangulia mbele siku ya ubatizo wangu, na nilifika salama."

Paskazia alikuwa anafungua mikanda ya kiti. Hata hakuinua kichwa.

"Ulitangulia kwa miguu ya mama yako wa ubatizo, baba Damas. Kifuani kwake kulikuwa na baruti?"