Dawa za Marehemu Ko

Kila Bi Yang Mal-sun alipofika zahanati pale kisiwani Jeju, presha yake ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, na jibu lake lilikuwa lilelile: "Ndiyo, daktari. Nameza." Halafu anainama, anaondoka.

Daktari Noh Hye-jin, aliyekulia Kanada, alimwamini. Kule mgonjwa asiyetaka dawa hukwambia waziwazi kuwa hataki.

"Hiyo 'ndiyo' ni heshima tu," nesi akamwambia. "Atakukatalia vipi usoni? Nenda kamwone kwake."

Alasiri moja ya ukungu akaenda. Nyumba ilikuwa peke yake kati ya michungwa, ikinuka udi na maji yaliyooza. Upande mmoja wa uso wa mjane ulikuwa umeanza kulegea. Mbele ya picha ya marehemu mumewe, Ko Tae-sik, vilipangwa vipakiti vya dawa, vitupu.

"Bibi, nani anameza hizi?"

"Mume wangu," akanong'ona. "Kiharusi kilimuua hajaonja hata kidonge. Mimi nitatangulije kutibiwa?"

Jikoni kukasikika hatua moja, kisha mguu ukiburutwa sakafuni.

"Nani yule?"

"Shh! Zamani alikuwa anaishia hapo jikoni. Tangu aanze dawa yako, anafika mpaka kitandani. Mkono wake wa baridi, mwanangu, lakini ni mkono."

Hye-jin alitaka kukimbia, lakini mlango ukasogea taratibu, na ile harufu ikamjaa kooni, na mguu ukaja ukiburutwa, ukaja, ukaja, mpaka godoro alilokalia mjane likabonyea pembeni yake na hapakuwa na mtu.

Kesho yake Hye-jin akarudi na mganga, mama wa kijiji cha jirani. Mganga akapiga upatu, akasikiliza, akamgeukia daktari.

"Mimi hanisikii. Ni mgonjwa wako huyu. Mruhusu wewe."

"Bwana Ko," Hye-jin akasema, "umepona. Nenda."

Hatua zikavuka chumba, zikatoka nje, miguu yote miwili sawasawa, wala hazikusita.

Mal-sun alizisikiliza mpaka zikapotea michungwani.

"Hata kugeuka hakugeuka," akasema.

Akanyoosha kiganja, akapewa kidonge, akakimeza. Kisha akamshika daktari mkono, akaung'ang'ania.

"Umekula, mwanangu? Usiondoke. Kaa tule."